Vumbi la Jiwe la Kijivu

Jumanne, 3 Machi

Mume wangu alisema wiki mbili. "Kaa kwa Mama wiki mbili tu. Nikirudi na lori nakuchukua, ukajifungulie mjini." Leo ni siku ya kumi na mbili na mvua imeanza, tena si ya kunyunyiza, ni ile ya kumwaga.

Nyumba ya mama mkwe ina vyumba vitatu na ukumbi mmoja mrefu unaopita katikati. Tunaishi humu watano. Kuna Mama. Kuna shemeji, mdogo wa mume wangu, anayechimba dhahabu mlimani. Kuna wifi, ambaye ndoa ilimshinda akarudi kwao. Na kuna binti yake wa miaka minne, ambaye hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Leo asubuhi kaniuliza kwa nini kuku hana meno, nani alipaka anga rangi, na kama mimi nilimeza tikiti zima.

Miaka sita nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari. Sasa nina mimba ya miezi sita, na kazi yangu ni kuchambua mchele na kuambiwa nipumzike.

Jumamosi, 7 Machi

Daraja limekwenda. Shemeji ameliona kwa macho yake: upande mmoja umepiga magoti mtoni. Mnara wa simu nao umezima. "Basi umeshakuwa wetu," Mama akaniambia, akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumatatu, 9 Machi

Shemeji amerudi amelowa chapachapa, akamwaga mawe mezani. Miezi miwili shimo lao halitoi kitu zaidi ya jiwe jeupe.

"Shemeji, si ulikuwa mtu wa maabara wewe? Haya, tupimie."

Alisema kama utani, lakini hakuondoka mezani.

Nikakusanya vifaa. Kigae cha bafuni kilichovunjika, kwa ule upande wa nyuma usiong'aa. Msumari. Sarafu ya shaba. Kipande cha chupa. Nusu ya limau. Mwalimu wa jiografia aliyenifundisha kazi hii alikuwa anasema jicho lina tamaa, kwa hiyo ulize mkono.

Jiwe jeupe la kwanza lilikwaruza chupa bila shida: kwatzi, jiwe gumu la bure, tupa. La pili, jeupe vilevile, lilikwaruzwa na msumari, na tone la limau likatoa povu juu ya unga wake. "Linachemka! Linachemka!" Chiriku akapiga kelele, akataka nalo tulipe limau, na hili, na lile. Hilo ni la chokaa.

Kisha shemeji akafungua leso. Ndani kulikuwa na jiwe linalometameta kwa manjano, amelitunza kama yai. Nikajaribu msumari, haukuacha alama. Nikaligonga kwa nyundo, likatoa cheche na harufu ya kiberiti, likapasuka. Nikalisugua kwenye kigae, likaacha mstari mweusi.

"Dhahabu ingebonyea, shemeji, isingepasuka. Na mstari wake ungekuwa wa manjano. Hii ni pairiti, chuma na kiberiti tu. Pole."

Akavikunja vipande vyake kwenye leso. Nikamwonea huruma, na labda ndiyo sababu nikaokota lile la kijivu alilokuwa amelisukuma pembeni. Mkono ulishuka kwa uzito. Linang'aa kama bati jipya. Sarafu ililikwaruza, na nilipoligonga likavunjika vipande vyenye pande sawasawa, kama dadu ndogondogo. Kwenye kigae likaacha mstari wa kijivu, kama wa penseli.

"Hii ni galena," nikasema. "Ndani yake mna madini ya risasi. Mara nyingi huongozana na fedha, wakati mwingine na dhahabu. Ningekuwa wewe ningefuata mshipa huu."

Nilisema kwa maringo. Ni muda mrefu sijaulizwa kitu ninachokijua. Kisha nikanawa mikono, tukanywa chai. Chiriku alichukua vile vipande vidogo akajenga ukuta wa nyumba ya mdoli.

Jumanne, 17 Machi

Wameipata! Ni chembe tu, lakini ni dhahabu, ndani ya jiwe la kijivu. Nimeipima mwenyewe: ilibonyea. Shemeji alinishika mikono akanizungusha ukumbini, tumbo na vyote. Sasa naitwa Daktari wa Mawe, na Mama amenipa kiti chake chenye mikono.

Uani ni tope tupu, kwa hiyo kinu cha chuma kimeletwa ndani. Mama na wifi wanatwanga mawe kwa zamu ukumbini. Unga wake wanauchekecha, halafu wanauosha kwenye karai hadi dhahabu ibaki chini.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Kinu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Kinu. Mama huimba akitwanga, na akisahau maneno hutia ya kwake, mengi yakiwa ya kumsema shemeji.

Jumamosi, 21 Machi

Madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na vumbi halina pa kwenda. Ni laini kama poda. Liko kwenye shuka, kwenye vikombe, katikati ya meno ya kitana. Chiriku amenichora mezani kwa kidole: duara kubwa lenye miguu miwili. Akaniuliza kama nimependeza. Halafu akalamba kidole.

Jumanne, 24 Machi

Bata mmoja wa Mama amekufa. Alizunguka uani kama mlevi, shingo imelegea, kisha akalala. Mama anasema ni baridi.

Ijumaa, 27 Machi

Mabata wawili.

Jumatatu, 30 Machi

Tumbo linanikata. Si mtoto, ni matumbo. Na mdomoni kuna ladha kama nimeweka sarafu chini ya ulimi. "Mimba hiyo," akasema wifi, huku anatwanga. "Mimi nilipokuwa na huyu nilikula mkaa."

Nilitoka mpaka barazani nikatazama barabara. Sikuiona, niliona maji. Nikarudi ndani. Kutoka chumbani kwangu hadi jikoni ni hatua kumi na nne, na katikati kipo kinu. Nimezihesabu kwa wiki tatu, hazijaongezeka.

Alhamisi, 2 Aprili

Chiriku hataki kula. Analalamika tumbo, analia kwa kitu kidogo. Wifi alimbeba mgongoni hadi zahanati. Nesi akampima malaria, hana. Akampa dawa ya malaria hivyo hivyo, maana ndiyo iliyopo.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Kinu. Bata wa mwisho.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo Chiriku hajaniuliza kitu chochote. Nimekaa naye asubuhi nzima. Nikamuuliza mimi: "Kwa nini kuku hana meno?" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa, akageukia ukuta.

Jumatano, 8 Aprili

Nimejua leo mchana, nikiwa nanawa mikono.

Niliona maji ya beseni yamekuwa ya kijivu, na chini yake kitu kinametameta. Mikono yangu ikasimama yenyewe. Shuleni tulikuwa na kipande kimoja tu cha galena, ndani ya chupa, na mwalimu hakumruhusu mtu kukishika bila kumsindikiza bombani. "Risasi haitoki mwilini kwa urahisi," alikuwa anasema, "na watoto ndio inaowaumiza kwanza." Niliisikia sentensi hiyo kila mwaka kwa miaka sita. Siku ile shemeji alipomwaga mawe mezani, mikono yangu ilikumbuka, ikaenda kunawa. Kichwa changu hakikukumbuka. Nilinawa mimi. Sikumnawisha mtoto aliyekuwa anajenga nyumba kwa vipande vile.

Nilikwenda ukumbini nikamshika Mama mkono, mchi ukiwa juu.

"Mama, acheni kutwanga. Vumbi hili ni sumu. Ndilo lililoua mabata. Ndilo linalomuumiza Chiriku."

Mama aliushusha mchi polepole. "Mwanangu, mimi nina miaka thelathini na mbili natwanga mawe. Nimezaa watatu nikitwanga. Mume wako huyo nilimfunga mgongoni, natwanga."

"Ulikuwa unatwanga jiwe jeupe, Mama. Hili ni lingine."

"Jiwe ni jiwe."

Shemeji alikuwa mlangoni anavua mabuti. "Subiri kwanza," akasema. "Si wewe uliyetuambia tufuate mshipa huu? Ulikaa hapo hapo. Daktari wa Mawe!"

"Ni mimi."

"Sasa tunaanza kushika kitu, ndiyo unaleta sumu?"

"Nilikosea, shemeji. Sikufikiria."

"Basi na leo hujafikiria. Kapumzike."

Wifi alikuwa na Chiriku mapajani, anampepea kwa kipande cha boksi. Alinitazama tu, kwa muda mrefu.

Nimejifungia chumbani, nimeziba uwazi wa chini ya mlango kwa khanga iliyoloweshwa. Kinu kimeanza tena. Kila pigo nalisikia kwenye miguu ya kitanda. Nataka kuondoka, na hakuna njia. Nataka wanyamaze, na ni kwao. Nataka kumpigia mtu simu, na hakuna mnara. Mtoto wangu anageuka ndani, na siwezi kumzibia mlango huko aliko.

Alhamisi, 9 Aprili

Kinu. Nimekataa kula kilichopikwa bila kufunikwa. Mama ameudhika.

Ijumaa, 10 Aprili

Usiku mzima nilikuwa natafuta namna, na asubuhi nikaona kwamba nimekuwa nikisema na masikio ya Mama, wakati Mama anaamini mikono yake.

Nilichukua kitambaa chenye maji nikafuta mkeka wa Chiriku. Nikakikamulia kwenye karai. Nikafuta rafu ya kopo la unga, nikakamua. Kingo za dirisha. Mto wangu. Kikombe cha Mama mwenyewe. Karai likajaa maji machafu. Nikampelekea.

"Mama, nioshee hii. Mimi sina mkono wako."

Kazi hiyo hawezi kuikataa, hata akiwa amekasirika. Akakalia kigoda, akaanza kulizungusha karai, akilinamisha kidogo kila mara. Inapendeza kumtazama: maji yanatoka na uchafu mwepesi, kizito kinabaki. Nyuzi za mkeka zikaenda. Tope likaenda. Akazungusha, akamwaga, akazungusha. Chini pakabaki mwezi mwembamba wa kijivu, unang'aa.

"Mzigo wa nani huu?" akauliza. "Umechota gunia gani?"

"Sikuchota gunia. Ni mkeka wa Chiriku huo. Na rafu ya unga. Na kikombe chako."

Akaacha kuzungusha. Nikampa kigae. Hakunipa nafasi ya kueleza. Alichota unga ule kwa ncha ya kidole akausugua mwenyewe. Mstari wa penseli. Akaenda kwenye gunia, akatoa jiwe, akasugua kando yake. Mistari miwili pacha.

Kisha akasugua kidole chake kwenye gauni, mara nyingi, kwa nguvu, kama mtu aliyeungua.

"Unga," akasema. "Uji wake naukoroga mimi."

Wifi alikuwa amesimama nyuma yetu, hata sikujua tangu saa ngapi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua jina lake, wifi. Nilijua ndani mna risasi. Sikufikiria vumbi."

"Lakini ulijua."

"Ndiyo."

Akachukua mchi kwenye kinu, akautoa nje, akauachia kwenye tope. Akarudi, akapita mbele yangu kama sipo.

Jumamosi, 11 Aprili

Saa mbili asubuhi Chiriku alikamatwa na degedege. Mwili ulikakamaa, macho yakaenda juu, kisha mikono ikaanza kupiga mkeka. Wifi alimlaza ubavu huku anaita jina lake, lile jina halisi ambalo sijalisikia tangu nifike.

Tukampeleka zahanati, shemeji mbele anakimbia naye mvuani. Nesi alimchoma sindano, mwili ukalegea. Akaanza kuandika karatasi ya rufaa.

"Usiandike malaria," nikamwambia. "Andika risasi. Wampime damu."

"Dada, siwezi kuandika nisichokipima."

Nikamwonyesha jiwe, kigae, na kichupa chenye kile tulichokipata kwenye karai. Nikamweleza habari ya mabata. Mama, ambaye hajawahi kunitetea mbele ya mtu, akasema, "Andika, mama. Nimeiosha kwa mkono wangu." Nesi akaweka mkono kwenye paji la uso wake, akafikiri, akaandika: *inashukiwa sumu ya risasi*. Nikafunga jiwe na kichupa ndani ya karatasi hiyo.

Mto umejaa hadi kwenye mizizi ya miti. Wachimbaji walileta kamba nene ya shimoni. Mmoja wao, wanamwita Samaki, alivuka nayo kwa kuogelea, tukampoteza mara mbili kwenye maji ya kahawia kabla hajaibuka ng'ambo. Wakaifunga pande zote. Wakaleta mpira wa gurudumu la lori, wakaufunga ubao juu yake. Wifi akapanda, Chiriku kifuani amefungwa kwa khanga mbili. Shemeji aliingia majini, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye mpira.

Nami nikasogea. Nilitaka kwenda nikaeleze. Mama akanishika bega.

"Na hilo tumbo? Ukitereza tunapoteza wangapi?"

Basi nikabaki. Katikati ya mto gogo lilikuja, likaupiga mpira, ukazunguka, na shemeji akaenda chini. Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Kichwa cha shemeji kikaibuka upande wa pili wa mpira, mkono haujaiacha kamba. Walipofika, wifi alipanda ukingo bila kugeuka nyuma. Kuna kilomita thelathini hadi hospitali.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua. Kinu hakuna. Sikujua nyumba hii ina ukimya mkubwa hivi.

Jumanne, 14 Aprili

Tunasafisha, mimi na Mama. Hatufagii, tunafuta kwa maji. Tumemwaga unga wote wa uji. Mikeka, mito, mapazia, vyote nje kwenye mvua. Mama ananiuliza kila kitu: "Na hiki nifue au nitupe?" Ananiuliza kwa upole, kama mtoto wa shule, na upole huo unaniuma kuliko hasira ya wifi.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimesikia kinu. Nilifikiri ni masikio yangu. Ni jirani wa mlango wa kijani. Naye ana magunia ya mshipa uleule. Nilikwenda na karai na kigae. Alinisikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba mstari ni wa kijivu, akasema, "Asante, Daktari. Sasa nitakula nini?" Nikabeba karai langu. Nilipofika kwetu kinu kikaanza tena.

Ijumaa, 17 Aprili

Jirani. Mvua. Kinu.

Jumapili, 19 Aprili

Leo Mama alijitwika karai kichwani akaenda mwenyewe kwa jirani. Walikaa saa nzima, sijui waliambiana nini. Jioni watu wanne walionekana wanabeba kile kinu kwenda nyuma ya mlima, mbali na nyumba. Watatwanga wakiwa wamelowesha mawe. Bado ni hatari, nilimwambia Mama. "Najua," akasema. "Lakini watoto wake wako huku, kinu kiko kule. Leo hilo tu ndilo limewezekana."

Ijumaa, 24 Aprili

Shemeji amerudi kwa kamba. Amekonda, ndevu zimemjaa. Chiriku yu hai. Daktari alipofungua ile karatasi jiwe likamwangukia mapajani, akapima damu siku hiyohiyo. Risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Wanampa dawa ya kuitoa.

"Dada yako amesema nini?" nikauliza.

"Juu yako? Hajakutaja."

Kisha, akiwa ananawa, na sasa ananawa muda mrefu, akasema bila kugeuka: "Lile shimo tunalifunga. Nilikuwa nataka uwe umekosea, shemeji. Nilitaka sana."

Jumamosi, 2 Mei

Maji yamepungua. Watu wa hospitali wamevuka kwa boti, wakatutoboa vidole watu wote wa mtaa huu. Mimi, Mama, shemeji, jirani na watoto wake: wote risasi imo damuni. Yangu ni ya juu. Nilimuuliza daktari habari ya mtoto wangu. Hakuficha. Alisema inapita kwenda kwake, na kwamba kwa sasa kazi yangu ni kula vizuri, kukaa mbali na vumbi, na kusubiri.

"Kusubiri nini?"

"Azaliwe. Tumwone."

Kwa hiyo hata daraja likitengenezwa, bado nitakuwa ndani ya kusubiri.

Jumatatu, 4 Mei

Jua. Saa mbili nzima.

Jumamosi, 9 Mei

Daraja limefunguliwa jana, leo lori limefika. Nililisikia kabla sijaliona. Mume wangu aliruka chini kabla halijasimama vizuri, akanishika uso, akanitazama kama anatafuta kilichopungua. Habari zote alizipata hospitali, maana huko ndiko alikoanzia. Alikuwa amewaleta.

Wifi alishuka upande wa pili, kisha akamshusha Chiriku. Amenyolewa. Miguu imekuwa myembamba, na anatembea ameitanua kidogo kama aliye kwenye boti. Mama alimkumbatia hadi mtoto akaanza kulalamika.

Nilisimama mlangoni na mkoba wangu. Sikujua nina haki ya kusogea. Chiriku alikuwa amenipa mgongo, anaangalia gurudumu la lori. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa sauti. Nikafikiri amefundishwa asiniitikie, na nikaona ni sawa.

"Ukimwita kwa nyuma hasikii," akasema wifi. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya karai. Alikuwa hanitazami, anakunjua khanga. "Masikio yameathirika. Mkalie mbele, aone mdomo wako."

Nikazunguka. Kuchuchumaa na tumbo hili si mchezo, nilishikilia gurudumu. Uso wake ukawa mbele ya wangu, macho makubwa, yametulia kwenye midomo yangu. Nilikuwa nimepanga mengi ya kusema. Yote yalipotea likabaki moja.

"Nisamehe," nikamwambia.

Akakunja uso, anafikiri. "Nisameme?" akauliza, kwa sauti kubwa mno, kama anayeniita kutoka ng'ambo ya mto. Alidhani namfundisha neno.

Nikatikisa kichwa, nikashindwa kulirudia.

Basi wifi akaja. Akapiga magoti kwenye tope, kando yangu, bega lake likagusa langu. Akamgeuza mwanawe kidevu kwa vidole viwili, akalitamka polepole, silabi moja moja, midomo ikifunguka vizuri.

"Ni-sa-me-he."

"Nisamehe!" akasema Chiriku. Akafurahi kwa kulipata. Akamgeukia bibi yake, akalisema. Akamgeukia mjomba wake mwenye lori, na yule mwingine aliyesimama na sabuni mkononi. Akatuzunguka sote, mmoja baada ya mwingine, anatuambia kwa sauti yake yote.